Namwendea mfadhili wiki ijayo: nianze na nini?

Msomaji ameandika: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhadhiri, na mwaka huu nimeingizwa kwenye kamati ya kutafuta fedha za kuwasomesha wanafunzi wetu wasiojiweza. Wiki ijayo nina miadi na mhitimu wa zamani wa chuo chetu, ambaye sasa ni mfanyabiashara mwenye uwezo. Kwenye simu ameshaniambia kwamba yeye hupenda kusaidia 'vichwa', si 'wenye shida'. Sijawahi kumwomba mtu fedha na, kusema kweli, naona haya. Nianze na nini? Nimwandalie nini? Na akikataa?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa jukumu. Kamati za namna hii kwa kawaida humwangukia aliyenyamaza kikaoni.

Tuanze na hiyo haya. Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake, na nadhani ndipo unapokwama: unajiona umeshika chungu mlangoni kwa mtu. Lakini nimewaona wengi wakiomba kwa ajili ya wengine na bado wakaona haya, na nilipowadadisi nikakuta tatizo si kuomba. Hawakujua wanaomba kiasi gani, wala kiasi hicho kitafanya nini. Mtu asiyejua hesabu yake hujaza nafasi hiyo kwa huruma, na huruma ikizidi humchosha anayesema na anayesikiliza. Kwa hiyo kabla hujafikiria maneno, nenda kwa mhasibu.

Unachokitafuta huko ni pengo. Mchukue mwanafunzi mmoja wa kawaida kati ya wale mnaotaka kuwasaidia. Gharama zake zote za mwaka tuziite 100: ada, malazi, chakula, vitabu, nauli, bima, na yale madogo ambayo vyuo husahau kuyaandika, kama koti la maabara au kuchapa na kujalidi ripoti ya utafiti. Familia yake, baada ya kuuza cha kuuza, inamudu 20. Mkopo wa serikali unabeba 35. Kazi za muda pale chuoni zinamwingizia 10. Jumla 65. Zile 35 zilizobaki ndizo pengo, na ndizo zinazoamua kama atafanya mtihani au atarudi nyumbani. Weka namba zenu halisi mahali pa hizi zangu. Kisha mwulize msajili mambo mawili: wangapi walipata nafasi mwaka jana wasiripoti, na wangapi waliahirisha masomo kwa sababu ya ada. Usikubali jibu la "ni wengi". Wengi si namba.

Nakwambia hivi kwa sababu jambo lote unaloliuliza, kwangu mimi, limesimama hapa: ukiwa mbele ya mfadhili zungumzia pengo, usizungumzie umaskini. Umaskini ni mkubwa, hauna mwisho, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuumaliza, kwa hiyo ukiutaja sana unamfanya mtu ajione mchango wake ni tone baharini. Tena umaskini huonekana kama sifa ya mtu, ndiyo maana mhitimu wako amewagawa wanafunzi kuwa "vichwa" na "wenye shida", kana kwamba ni watu wa aina mbili. Pengo ni namba. Lina mwanzo, lina mwisho, na linazibika.

Sasa, kuna mtego kwenye namba hiyo, na wafadhili wenye biashara huuona haraka kuliko sisi wa darasani. Pengo la 35 kwa miaka minne si 140. Gharama zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, huku uwezo wa familia, mkopo na kibarua vikibaki pale pale kwenye 65, gharama zitakwenda 100, 105, 110, hadi karibu 116. Pengo litakwenda 35, 40, 45, hadi karibu 51. Jumla inafika 171. Angalia vizuri: gharama zimepanda kwa asilimia 16 tu kutoka mwaka wa kwanza hadi wa nne, lakini pengo limepanda kwa asilimia 45. Ongezeko lote linamwangukia yule anayeziba pengo, kwa sababu wengine wote wameshafika mwisho wa uwezo wao. Ukimwomba mfadhili 35 kwa mwaka na kumwambia "basi", umemdanganya bila kukusudia, na atakayelipia uongo huo ni mwanafunzi.

Niliwahi kukaa kwenye kamati iliyofanya kosa hilo hilo. Tuligawa fedha kwa shangwe, tukapiga picha, tukaandika barua za pongezi. Mwaka wa tatu wa masomo binti mmoja wa uhandisi alikuja ofisini kwangu kadi yake ya mitihani ikiwa imezuiwa. Alama zake zilikuwa nzuri tu. Nilipofungua faili lake, karatasi ya juu kabisa ilikuwa ile barua yetu ya pongezi, na chini yake ankara tatu ambazo hazijalipwa. Tangu siku hiyo sikubali kuahidi mwaka mmoja. Heri wanafunzi kumi hadi siku ya mahafali kuliko arobaini hadi mwaka wa pili.

Turudi kwa mhitimu wako na "vichwa" vyake. Usibishane naye, kwa sababu hajakosea sana. Mwambie kwamba kila mwanafunzi utakayemtaja ameshachujwa na ofisi ya udahili, kwa vigezo vile vile alivyochujwa yeye enzi zake. Ufaulu umeshaulizwa na kujibiwa mlangoni. Swali lililobaki ni moja: kati ya hawa waliofaulu, fedha yake itabadilisha maisha ya nani? Mtoto mwenye alama za juu ambaye wazazi wake wanamudu atasoma hata mfadhili akilala usingizi. Akimpa fedha, amempa zawadi, na si vibaya kutoa zawadi. Yule mwenye pengo la 35, akipewa, ni mhandisi mmoja zaidi duniani. Mfanyabiashara anaielewa hesabu hii: hela imewekwa mahali ambapo bila hiyo kitu kisingetokea.

Akitaka ushahidi, mpe huu. Kuanzia mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani kiliwatumia barua wanafunzi wenye ufaulu mzuri kutoka familia za kipato cha chini, kikiwaahidi kwamba wakidahiliwa hawatalipa ada kwa miaka yote minne. Wengi wao wangepata msaada unaokaribia huo hata bila barua, kwa kujaza fomu na kusubiri. Kilichobadilika ni uhakika tu. Waliopokea barua walioomba kujiunga walikuwa asilimia 68, na wenzao wasioipokea asilimia 26. Waliojiunga kweli wakawa asilimia 27 dhidi ya 12. Vichwa vilikuwepo muda wote. Vilikuwa vimekaa nyumbani vikihofia ankara. Mimi nautumia mfano huu kwa jambo jingine pia: ahadi inayotolewa mapema, kwa maandishi, kwa miaka yote, ina thamani kuliko kiasi hicho hicho kikitolewa kwa vipande mwanafunzi akiwa ameshaanza kudaiwa.

Siku ya miadi usianze na wanafunzi kabisa. Anza na yeye. Mwulize: "Wewe nani alikulipia?" Kisha nyamaza umsikilize. Karibu kila aliyesoma ana jibu, na mara nyingi jibu hilo lina mtu ndani yake: mjomba, mwalimu mkuu, kanisa, msikiti, serikali, mama aliyeuza kitu. Michael Bloomberg, mfanyabiashara tajiri wa Marekani, alipotoa dola bilioni 1.8 mwaka 2018 kwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ili udahili usitazame mfuko wa mwombaji, alieleza waziwazi kwamba baba yake alikuwa mtunza hesabu wa mshahara mdogo na kwamba yeye mwenyewe alisoma hapo kwa mkopo na kibarua cha chuoni. Mtu akishajikumbuka kama mwanafunzi mwenye pengo, lile neno "wenye shida" humtoka lenyewe mdomoni. Wewe usimsahihishe. Usimkatishe pia hata akichukua nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo kikao chenyewe.

Utaambiwa na wenzako umpeleke mwanafunzi akatoe ushuhuda. Hapa nakuomba uwe mwangalifu. Ni kweli kwamba sura moja inagusa kuliko takwimu. Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio ambalo watu walipewa dola 5 na nafasi ya kuchangia. Waliopewa habari za msichana mmoja mwenye njaa walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa 1.14. Na waliopewa vyote viwili, msichana pamoja na takwimu, walitoa 1.43 tu. Yaani takwimu zilipunguza huruma badala ya kuiongeza. Kwa hiyo usibebe chati zenye rangi saba. Beba mtu mmoja.

Lakini mtu huyo si lazima aketi pale. Niliwahi kumpeleka kijana mmoja mbele ya meza ya wafadhili, akasimulia kifo cha baba yake na jinsi alivyolala kwenye maktaba. Fedha zilipatikana. Kwenye gari tukirudi akaniambia, bila hasira, "Mwalimu, nitashukuru nisipoitwa tena." Sikuwa na la kumjibu. Mwanafunzi anayetegemea ufadhili hawezi kukukatalia kwa uhuru, kwa hiyo ridhaa yake haina uzito unaoudhani. Siku hizi nampeleka aliyekwisha hitimu, mwenye kazi yake, ambaye yeye hatudai kitu wala sisi hatumdai. Akikosekana, nasimulia mimi, kwa ruhusa ya mhusika, bila jina, bila kijiji, bila picha, nikitaja kozi yake, mwaka wake na pengo lake. Inatosha.

Ukishamsikiliza na kumweleza, omba. Hapa ndipo wageni wa kazi hii huanguka: wanaeleza vizuri kisha wanamalizia na "tutashukuru kwa chochote." Chochote ni kiasi gani? Mtaje mwanafunzi mmoja au watano, taja miaka minne, taja jumla, katika sentensi moja. "Ningependa uchukue pengo la wanafunzi wawili, tangu mwaka wa kwanza hadi wahitimu, kwa jumla ni kiasi hiki." Kisha funga mdomo. Mama mmoja, mhandisi mstaafu, nilipomaliza sentensi ya namna hiyo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akaivua tena. Mwenzangu tuliyekuwa naye akashindwa kuvumilia: "Au hata nusu yake, mama." Mama akavaa miwani, akatabasamu, akatoa nusu. Alikuwa akihesabu tu.

Atakuwa na maswali, na mengine unapaswa kuwa na majibu yake kabla hujatoka nyumbani. La kwanza ambalo wajanja huuliza: "Nikitoa, chuo kitapunguza msaada wake chenyewe kwa mwanafunzi huyo?" Ni swali zuri kuliko yote. Baadhi ya vyuo hufanya hivyo hasa. Fedha ya nje ikiingia kwa mlango mmoja, ya ndani hutokea mlango wa pili, na mwanafunzi anabaki na pengo lile lile. Mtafute mkurugenzi wa fedha akupe jibu kwa maandishi. Kama jibu ni ndiyo, msiende kwa mfadhili mpaka mmelirekebisha.

La pili: "Nataka nimchague mwenyewe." Mara nyingi nia ni njema, anataka kumjua mtu. Mweleze kwamba mkichagua ninyi kwa vigezo vilivyoandikwa, mwanafunzi anakuwa na deni la shukrani bila kuwa mtu wake. Kuna suala la sheria pia. Marekani, kwa mfano, mchango unaotolewa kwa sharti la kumfikia mtu fulani aliyetajwa na mtoaji hauhesabiwi kuwa wa hisani kwenye nafuu ya kodi. Mwulize mwanasheria wenu sheria yenu inasemaje. Mfadhili anaweza kupanga vigezo, anaweza kupokea barua na kukutana nao kwenye hafla ya mwaka. Kiti kwenye kamati ya uteuzi, mimi simpi.

Vigezo navyo vina shida yake. Mtu atataka fedha yake iende kwa binti, anayesoma jiolojia, aliyetoka wilaya yake, aliyepata alama fulani. Mwaka wa kwanza mtampata. Mwaka wa nne hayupo, na fedha inalala benki huku wengine wanafukuzwa. Andikeni kwenye hati ya makubaliano neno "kipaumbele" badala ya "pekee", mkiongeza kwamba akikosekana mwenye sifa hizo, fedha itakwenda kwa mwanafunzi yeyote mwenye uhitaji. Sijamwona mfadhili aliyekataa sentensi hiyo akiielezwa kwa utulivu. Nimeona hati nyingi zilizoikosa.

La tatu ni fedha itolewe vipi. Njia mbili kubwa: kulipa kadiri wanafunzi wanavyosoma, au kuweka mfuko wa kudumu ambao mtaji wake hauguswi na inayotumika ni sehemu ya faida tu, kwa kawaida karibu asilimia 4 au 5 ya mtaji kwa mwaka. Ile njia ya pili ni kongwe. Mwaka 1643 Lady Ann Mowlson alitoa pauni 100 kwa chuo cha Harvard, Marekani, kwa ajili ya kumtunza mwanafunzi maskini, na jina lake la ukoo, Radcliffe, likaja kupewa chuo cha wanawake pale pale mwaka 1894. Wafadhili wanaopenda jina libaki watavutiwa. Lakini mpigie hesabu kwa haki: kwa asilimia 4, ili mfuko utoe 35 kila mwaka lazima mtaji uwe 875. Kwa 875 hiyo, ukilipa moja kwa moja kwa ile 171 ya kila mtu, unawahitimisha watano na bakaa inabaki. Mfuko unasaidia mmoja baada ya mwingine bila kikomo. Malipo ya moja kwa moja yanawasaidia watano sasa. Mimi, kwa chuo ambacho wanafunzi wanaondoka mwaka huu, huanza na malipo ya moja kwa moja, na mfuko tunauzungumza mfadhili akishaona mahafali ya kwanza. Wenzangu kadhaa hawakubaliani nami kwa hili, na wana hoja: mfadhili anaweza kufilisika au kufa katikati. Ndiyo maana ahadi ya miaka minne naitaka iwe kwa maandishi, na mwaka mmoja wa akiba ukae benki kabla ya barua ya kwanza kumfikia mwanafunzi.

Akisema atatoa iwapo wengine watatoa kiasi kama chake, mkubalie haraka. Wachumi Dean Karlan na John List walijaribu jambo hili kwa barua zaidi ya 50,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2007: tangazo kwamba kila mchango utaongezewa na mfadhili mwingine liliwafanya watu wengi zaidi watoe. Ila kuongezewa mara tatu hakukuzidi kuongezewa mara moja, kwa hiyo asijitese kuahidi makubwa.

Na akikataa? Kuna kukataa kwa aina mbili. Akikataa kiasi, uwe na kitu kidogo mkononi. Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia, Marekani, tangu 2011 kina utaratibu wa kulipa bakaa ndogo za wanafunzi ambao wangefutwa kwenye madarasa kwa deni dogo tu, mara nyingi wakiwa wamekaribia kuhitimu. Mfuko wa dharura wa namna hiyo unamfaa mtu asiyetaka kujifunga miaka minne, na hela yake itafanya kazi ndani ya wiki. Akikataa jambo lenyewe, mshukuru, mwulize kama kuna mwenzake wa darasa ambaye angependa kusikia habari hizi, na uondoke ungali umekaribishwa.

Jibu utakalolipata zaidi, hata hivyo, si ndiyo wala hapana. Ni "ngoja nifikirie." Usiliache hewani. Mwulize papo hapo, "Nikupigie lini?" na uandike tarehe mbele yake. Jioni hiyo hiyo mwandikie barua ya ukurasa mmoja: aya ya kwanza ni yale aliyokusimulia kuhusu aliyemlipia ada, kwa maneno yake mwenyewe, ya pili ni namba ya pengo na jumla ya miaka minne, ya tatu ni tarehe mliyokubaliana. Hakikisha umelipatia sawasawa jina la huyo mjomba au mwalimu wake. Akilikuta limekosewa hatasoma aya ya pili.